Ndani ya chupa ya kikohozi kuna nini?

Haya wasomaji wangu, leo mnivumilie maana hii ni ndefu. Inahusu chupa ambayo nina uhakika na kwenu ipo. Kama haipo juu ya friji basi iko kwenye kabati la vyombo, au kwenye ule mfuko wa dawa ambao mama anaufunga fundo na kuuficha watoto wasiufikie. Naizungumzia dawa ya maji ya kikohozi, pamoja na ndugu zake vidonge vya mafua, vile vya kuzibua pua na kulegeza kifua.

Chanzo ni siku moja ya Aprili 2024. Nilikuwa kazini, mafua yamenishika vibaya, kila dakika napenga kamasi, na pembeni ya kompyuta nimeweka vidonge nilivyonunua asubuhi kwenye duka la dawa karibu na kituo cha daladala. Habari ikaingia kutoka Nigeria. Mamlaka yao ya dawa, NAFDAC, ilikuwa imetangaza kwamba toleo moja la dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin Paediatric, lililotengenezwa Afrika Kusini mwaka 2021, limekutwa na kiwango kikubwa cha sumu inayoitwa dietilini glikoli. Ndani ya siku chache Kenya, Rwanda, Zimbabwe, Afrika Kusini na sisi Tanzania tukaagiza toleo hilo liondolewe madukani. Kwa haki ya mwenye mali niseme pia kwamba kampuni inayomiliki dawa hiyo, Kenvue, ilisema vipimo vyake yenyewe havikuona sumu hiyo.

Mhariri anataka habari kabla ya saa kumi. Lakini kabla sijaandika hata sentensi moja nikatoka nje na kumpigia dada yangu, anakaa Mbagala. Mpwa wangu wakati huo alikuwa na miaka mitatu, na kila mvua za masika zikianza kifua chake kinabana.

"Dada, ile dawa ya mtoto bado mnayo? Niangalizie namba ya toleo."

"Namba gani tena? Karatasi yenyewe imelowa dawa, imegandana, haisomeki."

Nikamwambia apige picha anitumie. Picha ikaja, nikaikuza mpaka macho yakauma. Haikuwa dawa ile, ilikuwa ya kampuni nyingine kabisa. Nikashusha pumzi. Nikampigia tena kumwambia asiwe na wasiwasi, na hapo ndipo aliponipa swali ambalo sijalisahau.

"Sasa wewe mwandishi, hebu niambie. Ndani ya hii chupa kuna nini?"

"Dawa ya kikohozi."

"Hilo najua. Nakuuliza ndani kuna nini."

Jamani, sikuwa na jibu. Nina shahada yangu, ninaandika habari za afya mara mbili tatu kwa mwezi, nimekunywa dawa hizi tangu sijaanza chekechea, na sikujua. Tangu siku ile nimekuwa nikisoma kila ninapopata nafasi. Nilichokikuta ni historia inayopita kwenye meli za maharamia, viwanda vya Ujerumani, maabara za Beijing na makaburi ya watoto. Leo nataka niwasimulie.

KAZI TATU NDANI YA CHUPA MOJA

Kwanza tuelewane. Dawa za kifua na mafua zinazouzwa bila cheti cha daktari hudai kufanya kazi tatu tofauti. Zipo za kutuliza kikohozi, yaani kuuambia ubongo uache kukohoa. Zipo za kulainisha makohozi ili yatoke, hizi kazi yake ni kukusaidia ukohoe vizuri zaidi. Na zipo za kuzibua pua kwa kubana mishipa midogo ya damu iliyovimba puani.

Umeona tatizo? Ya kwanza inazuia kikohozi, ya pili inakisaidia. Lakini kuna chupa nyingi ambazo zimechanganya vyote. Soma kibandiko cha dawa ya kawaida ya kikohozi, unaweza kukuta difenhidramini, inayotuliza kikohozi na kuleta usingizi, imekaa pamoja na amoniamu kloraidi, inayowekwa ili makohozi yalainike. Ni sawa na dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa pamoja. Mtoto akilala usiku ule tunasema dawa imefanya kazi, kumbe kilichomlaza ni ule usingizi wa difenhidramini.

HARAMIA NA MZIZI WA KUTAPISHA

Tuanze na hizi za makohozi. Wazo lake ni la zamani na halipendezi kulisikia ukiwa unakula. Waganga wa zamani waligundua kwamba mtu anayekaribia kutapika hujaa mate mdomoni na kifua chake hutoa majimaji. Wakafikiri, kumbe ukimpa mgonjwa dawa ya kutapisha kwa kipimo kidogo kisichofika kutapika, makohozi yatalegea. Dawa nyingi za makohozi zilizaliwa hapo.

Maarufu kuliko zote ilikuwa mzizi wa ipekakuana kutoka Brazil, uliofika Ulaya karne ya 17. Ukinywa nyingi unatapika, ukinywa kidogo unalainisha kifua, au ndivyo ilivyoaminiwa. Mwaka 1732 daktari Mwingereza Thomas Dover alichapisha kitabu chenye mchanganyiko wake wa ipekakuana na kasumba. Unga wa Dover ukatumika kwa mafua na homa kwa karibu miaka mia mbili baada ya hapo.

Huyu Dover si daktari wa kawaida. Kabla ya hapo alisafiri na meli za Waingereza zilizokuwa na kibali cha kuteka meli za Wahispania, na alikuwemo kwenye msafara uliomkuta baharia Alexander Selkirk peke yake kisiwani mwaka 1709. Ndiyo, yule anayesemekana kumpa Daniel Defoe wazo la Robinson Crusoe. Kwa hiyo dawa yetu ya kifua ina undugu na Robinson Crusoe. Nani angedhani?

Dawa ya makohozi inayojulikana sana leo, guaifenesini, nayo ina ukoo wa mbali. Jina limetokana na mti wa guayaki wa visiwa vya Karibi. Wahispania waliupeleka Ulaya mwanzoni mwa karne ya 16 wakiamini kwamba unatibu kaswende. Haukutibu. Baadaye ukahamishiwa kwenye baridi yabisi. Kisha kemikali inayopatikana kwenye utomvu wake, guayakoli, ikapewa wagonjwa wa kifua kikuu. Mtoto wa kemikali hiyo ndiye guaifenesini, aliyepata kibali Marekani mwaka 1952.

Mwaka huo muushike. Mwaka 1952 sheria ya Marekani ilimtaka mwenye dawa aonyeshe kwamba dawa yake haidhuru watu. Kuonyesha kwamba inafanya kazi haikuwa lazima. Sharti hilo lilikuja mwaka 1962, baada ya mkasa wa thalidomaidi, dawa iliyosababisha maelfu ya watoto kuzaliwa na viungo pungufu. Kwa hiyo dawa iliingia kwanza, swali la kama inasaidia likaja nyuma.

Je, jibu lilipatikana? Mwaka 2014 wataalamu wa Cochrane, taasisi inayokusanya tafiti za tiba na kuzipima, walichambua tafiti 29 za dawa za kikohozi zinazouzwa bila cheti. Hitimisho lao: hakuna ushahidi mzuri wa kusema zinasaidia, wala wa kusema hazisaidii. Yaani baada ya miongo mingi ya kuuza chupa hizi, bado tuko palepale.

KIKOHOZI NA HEROINI

Tukienda upande wa kutuliza kikohozi mambo yanakuwa mazito zaidi. Mwishoni mwa karne ya 19 kikohozi hakikuwa mzaha. Kifua kikuu na nimonia vilikuwa miongoni mwa wauaji wakubwa kabisa wa Ulaya na Marekani, na antibayotiki hazikuwepo. Daktari alichoweza ni kumpunguzia mgonjwa mateso ili alale. Kasumba na morfini zilifanya kazi hiyo, ila ziliwafanya watu kuwa watumwa wake.

Mwaka 1898 kampuni ya Bayer ya Ujerumani ikaleta sokoni dawa mpya ya kikohozi, ikiaminika kuwa salama kuliko morfini. Wakaipa jina zuri, la kishujaa. Heroini.

Sitanii. Hii heroini tunayoiita unga, iliyowamaliza vijana wenzetu kuanzia Mombasa na Unguja mpaka Kinondoni, iliuzwa kwanza kama dawa ya kifua, na kampuni ile ile iliyotupa aspirini. Ilituliza kikohozi kweli, hilo hakuna ubishi. Lakini baada ya miaka michache hospitali zilianza kupokea watu walioshindwa kuiacha. Bayer waliacha kuitengeneza mwaka 1913, na Marekani ikaipiga marufuku kabisa mwaka 1924.

Funzo la heroini ni kwamba dawa kali inayofanya kazi ikipatikana kirahisi dukani, kuna watu itawaangamiza. Funzo hilo lilirudi tena kupitia puani.

SAFARI YA KUZIBUA PUA

China kuna mmea unaitwa ma huang, umetumika huko kwa miaka mingi sana kutibu kifua na kikohozi. Mwaka 1885 mwanakemia wa Kijapani, Nagai Nagayoshi, alitoa ndani yake kemikali inayofanya kazi, nayo ni efedrini. Miaka minane baadaye, 1893, Nagai huyo huyo aliibadilisha efedrini maabara akapata kitu kingine: methamfetamini. Wakati ule hakuna aliyeshtuka. Karatasi zikawekwa kabatini.

Mwaka 1924 K. K. Chen na Carl Schmidt, waliokuwa wakifanya kazi Beijing, walichapisha utafiti wao wa efedrini, na dunia ya Magharibi ikaamka. Hii hapa dawa inayofungua kifua na pua, na unaimeza tu, tofauti na adrenalini ambayo ililazimu sindano. Ikaenea haraka.

Kampuni za dawa zikaanza kutafuta ndugu zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Smith, Kline & French ya Marekani ikatoa Benzedrine, kikopo kidogo cha kunusa chenye amfetamini ndani. Unanusa, pua inafunguka. Watu wakagundua kwamba ukikivunja na kumeza kile kitambaa cha ndani, hufungui pua tu, unakesha usiku kucha ukijiona mfalme. Wanafunzi, wanamuziki, madereva wa masafa marefu wakawa wateja wazuri. Mpaka mwaka 1959 ndipo Marekani ilipoamua kwamba vikopo hivyo visiuzwe tena bila cheti cha daktari.

Ikaja fenilipropanolamini, nayo tukaimeza wote kwenye vidonge vya mafua. Mwaka 2000 utafiti wa Chuo Kikuu cha Yale ulionyesha kwamba wanawake walioitumia kupunguza hamu ya kula walikuwa na hatari zaidi ya mara 16 ya kupata kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo. Novemba mwaka huo chombo cha udhibiti cha Marekani, FDA, kikazitaka kampuni ziiondoe. Ikaondoka.

Ikabaki sudoefedrini. Hii inafanya kazi, na haina kelele nyingi kwa anayeitumia vizuri. Lakini mnakumbuka karatasi za Nagai kabatini? Watu walizitoa. Sudoefedrini na efedrini ndizo malighafi za kupikia methamfetamini, na watu walikuwa wakinunua vidonge vya mafua kwa maboksi kwenda kuvipika. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 ulishaziweka kemikali hizo kwenye orodha ya kudhibitiwa, na hapa kwetu Mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya inaziita kemikali bashirifu. Marekani ikapitisha sheria iliyosainiwa Machi 2006. Kuanzia hapo ukitaka sudoefedrini unaonyesha kitambulisho, unasaini, na huuziwi zaidi ya gramu 3.6 kwa siku.

Sasa kampuni zifanye nini? Mteja hataki kusaini daftari kwa ajili ya mafua. Anataka achukue boksi, alipe, aondoke. Zikabadilisha kilichomo ndani, zikaweka kemikali nyingine ambayo haiwezi kupikwa ikawa unga. Jina lake feniliefrini.

DAWA ISIYODHURU, ISIYOSAIDIA

Chukua karatasi ya vidonge vya mafua uliyonayo mfukoni, igeuze nyuma. Mara nyingi utakuta paracetamol, klofeniramini inayoleta usingizi, pengine kafeini, na feniliefrini. Hata vile vyangu vya siku ile ya Aprili vilikuwa nayo. Hiyo ya mwisho ndiyo inayodaiwa kuzibua pua.

Ukiipulizia puani inafanya kazi. Ila ukiimeza, utumbo na ini vinaivunjavunja kabla haijafika popote. Kwa maelezo ya wataalamu wa FDA, inayobaki na nguvu yake kwenye damu ni chini ya asilimia 1. Unameza miligramu 10, puani haifiki hata ya kumfanya siafu apige chafya.

Ilipitaje basi? Mwaka 1976 jopo la wataalamu Marekani, likikagua dawa za zamani zilizokuwa sokoni, liliipitisha kwa tafiti chache ndogo, nyingi zikiwa za kampuni zenyewe. Haikuwa na makelele kwa sababu karibu kila mtu alikuwa akitumia zile nyingine. Ilipopanda cheo mwaka 2006, wafamasia wawili wa Chuo Kikuu cha Florida, Leslie Hendeles na Randy Hatton, wakarudi kwenye makabrasha yale ya zamani na kuyahesabu upya. Wakaiandikia FDA mwaka 2007. Wakaandika tena 2015. Katika miaka hiyo tafiti kubwa zaidi zikafanyika, na feniliefrini ya kumeza ikatoka sawasawa na kidonge cha bandia kisicho na kitu.

Septemba 2023 jopo la washauri wa FDA likapiga kura. Kumi na sita kwa sifuri. Haifanyi kazi. Mwaka mmoja kabla yake, 2022, Wamarekani walinunua karibu paketi milioni 242 za dawa zenye feniliefrini, kwa dola bilioni 1.76 hivi. Novemba 2024 FDA ikatangaza pendekezo la kuiondoa kwenye orodha ya dawa za kumeza za kuzibua pua.

Mimi hapa ndipo niliposimama na kujiuliza. Inawezekanaje watu mamilioni wanunue kitu kisichofanya kazi, kwa miaka karibu ishirini, na wasigundue? Jibu ni rahisi kuliko nilivyotarajia. Mafua yanaondoka yenyewe. Siku saba, kumi, yamekwisha. Unaenda dukani siku ya tatu, siku ambayo hali ni mbaya kuliko zote, unameza, kesho yake unaanza kupata nafuu ambayo ungeipata tu. Sifa zinakwenda kwa kidonge. Malaria haikupi nafasi hiyo, dawa ya malaria ikiwa bure mgonjwa anazidiwa na kila mtu anaona. Mafua ni ugonjwa ambao dawa yoyote inaweza kuonekana bingwa.

Lakini kuna mtu atasema, sawa, haisaidii, basi si haidhuru? Tatizo ni hilo neno "haidhuru". Turudi kwenye chupa ya dada.

UTAMU UNAOUA

Dawa ya maji inahitaji kimiminika cha kubebea kemikali zake. Mara nyingi ni gliserini, propilini glikoli au sorbito, vitu vizito na vitamu kidogo, ambavyo mtoto anavimeza bila vita. Ipo kemikali nyingine inayofanana navyo kwa macho na kwa ulimi, dietilini glikoli, ya matumizi ya viwandani. Ni rahisi kwa bei. Na ni sumu. Inaharibu figo. Mtoto anaacha kukojoa, anavimba, na ndani ya siku chache anaweza kufariki.

Mwaka 1937 kampuni ya S. E. Massengill ya Tennessee, Marekani, iliyeyusha dawa ya koo na maambukizi, salfanilamidi, ndani ya dietilini glikoli, ikatia ladha ya tunda na kuisambaza. Haikuipima kama ina sumu, na sheria haikuilazimisha. Walikufa watu zaidi ya 100, wakiwemo watoto. Kilichoniuma zaidi ni hiki: kosa ambalo serikali iliweza kulishika lilikuwa la jina tu. Kampuni iliiita eliksiri, na neno hilo lilimaanisha dawa yenye alkoholi, kumbe haikuwa na alkoholi ndani. Kuua watoto halikuwa kosa kwenye kitabu, kukosea jina lilikuwa kosa. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikatunga sheria inayotaka dawa ithibitishwe usalama kabla ya kuuzwa.

Ungedhani dunia ilijifunza. Nigeria, 1990. Haiti, 1996. Panama, 2006, dawa ya kikohozi iliyotengenezwa na maabara ya serikali yenyewe, kwa kimiminika kilichoandikwa gliserini, kilichotoka China, kikapita kwa wafanyabiashara wa Hispania, kikafika Panama bila mtu njiani kupima kilichomo ndani ya mapipa. Kila mmoja alibadilisha karatasi tu. Waliokufa hawapungui 100.

Mwaka 2022 zamu ya Gambia. Watoto wapatao 70, wengi wao chini ya miaka mitano, walifariki kwa figo kushindwa kufanya kazi. Oktoba mwaka huo Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari juu ya dawa nne za kikohozi na mafua zilizotengenezwa na Maiden Pharmaceuticals ya India, kampuni ambayo ilikana kuhusika. Mwaka huo huo Indonesia ilipoteza watoto zaidi ya 200, na Uzbekistan nayo ikazika wake. Na Oktoba 2025, wakati nilidhani nimeshamaliza kusoma mambo haya, India ikatangaza vifo vya watoto wasiopungua 20, wengi wao Madhya Pradesh, waliokunywa dawa ya kikohozi inayoitwa Coldrif.

Nikaangalia Coldrif ilikuwa na nini. Paracetamol, klofeniramini na feniliefrini. Ile ile feniliefrini. Wazazi wale walinunua dawa ambayo sehemu yake haikuweza kuwasaidia hata kama ingekuwa safi, tena kwa ajili ya watoto waliokuwa na kikohozi cha kawaida. India yenyewe ilikuwa imeagiza Desemba 2023 kwamba mchanganyiko wa klofeniramini na feniliefrini usipewe mtoto chini ya miaka minne. Marekani tangu 2008 inashauri watoto chini ya miaka miwili wasipewe kabisa dawa hizi, na watengenezaji huandika miaka minne. Uingereza tangu 2009 ni miaka sita kwa nyingi kati yake.

Yaani hesabu ni hii. Faida kwa mtoto mdogo, karibu na sifuri. Hatari ya chupa moja, ndogo sana, ila si sifuri. Hesabu hiyo haikubali.

NILICHOMJIBU DADA

Niliporudi kwa dada na majibu yangu, mama alikuwa amekuja kumsalimia mjukuu. Nikamwaga yote, Dover, heroini, Panama. Wakanisikiliza. Halafu mama akasema, "Sawa baba. Sasa mtoto anakohoa usiku kucha, mimi nimkodolee macho tu?"

Hapo nikaelewa kwa nini chupa hizi zimeshinda kila zama. Hakuna mzazi anayeweza kukaa bila kufanya kitu, na mwenye duka analijua hilo kuliko daktari.

Kwa hiyo nilimpa mama cha kufanya, na nawapa nanyi. Shirika la Afya Duniani tangu 2001 limeandika kwamba kikohozi cha kawaida cha mtoto kinaweza kutulizwa kwa vitu salama vya nyumbani, asali ikiwemo, ila kamwe usimpe asali mtoto chini ya mwaka mmoja. Maji ya chumvi yale safi ya matone yanasaidia pua. Vimiminika kwa wingi. Anayenyonya aendelee kunyonyeshwa. Ile mafuta ya mentholi tunayopakwa kifuani haifungui pua, inakufanya tu uhisi ubaridi kana kwamba imefunguka. Mkubwa akitaka ajipake, lakini tusimpake mtoto mchanga.

Na kilicho kikubwa kuliko vyote: mwangalie anavyopumua. Mfunue kifua akiwa ametulia, hesabu pumzi kwa dakika nzima. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifika 40 au zaidi, wa miezi miwili mpaka mwaka akifika 50 au zaidi, au ukiona kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu anapovuta hewa, hiyo inaweza kuwa nimonia. Usiende duka la dawa, nenda hospitali. Nimonia ndiyo inayoua watoto wadogo kuliko ugonjwa mwingine wowote wa kuambukiza, na hakuna dawa ya kikohozi duniani inayoitibu. Siku mbili zinazopotea tukisubiri chupa ifanye kazi ndizo siku mtoto alizohitaji antibayotiki.

Mama akachukua simu ya dada, akafungua saa, akamlaza mjukuu mapajani na kuanza kuhesabu kwa sauti. Ilikuwa 28. Akaanza upya kuhakikisha. Ilikuwa 29, mtoto alikuwa anacheka.

Chupa ilimwagwa chooni? Hapana, ningewadanganya. Iko bado juu ya friji, dada anasema ni ya wakubwa. Ila sasa kabla hajanunua dawa yoyote ya mtoto ananitumia picha ya kibandiko na kuuliza, hii ndani ina nini? Na siku hizi namjibu.

Vidonge vyangu nilivimaliza, maana nilishavilipia. Mafua yaliisha siku ya nane.

Tuonane tena wiki ijayo, panapo majaliwa.